Migongo ya Stempu Kumi na Tatu

Baba hakuwa na haja na uso wa stempu. Aliishika kwa kikoleo chake cha chuma, akaigeuza, akauinamisha mgongo wake kwenye mwanga wa dirisha. Kama mgongo haukumridhisha, aliirudisha kwenye bahasha bila kujali mbele kuna picha gani. Nilipokuwa mdogo nilidhani anatania. Baadaye nikajua kwamba hilo ndilo jambo moja duniani ambalo hakuwahi kulifanyia utani.

Alikuwa karani wa posta ya Moroni. Katika ujana wake, kabla mimi sijazaliwa, alifanya kazi posta ya Mutsamudu, ng'ambo kisiwani Nzwani, na huko karani mkuu aliyekuwa akistaafu alimpa zawadi ya stempu kumi na tatu. Zilikuwa za enzi zile Wafaransa wameshaingia lakini kisiwa cha Nzwani bado kina sultani wake, na jina la kisiwa limepigwa chapa chini kwa herufi ndogo, kwenye nyingine nyekundu, kwenye nyingine buluu. Seti ilikuwa kamili na hakuna hata moja iliyowahi kubandikwa kwenye barua. Baba alipata mishahara mingi na kuila yote, lakini zile kumi na tatu zilibaki.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ya mama. Wazazi wake walikuwa watu wa Ntsoudjini, karibu na Moroni, waliohamia Unguja, na yeye na kaka yake walizaliwa huko. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na sita, lakini lugha yake ilibaki mezani petu, mimi na Baba, na kwa mjomba wangu aliyerudi Ntsoudjini na kazi aliyojifunza Unguja, ya kujalidi misahafu. Ndiyo maana hata maneno ya gundi, ambayo Baba aliyajua kwa Kifaransa, mimi niliyapokea kwa Kiswahili.

Tulipopata uhuru, macho ya Baba yalikuwa yameanza kufifia. Ni mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Madaktari wa Kifaransa walikuwa wameondoka karibu kwa mpigo mmoja, na hospitalini walibaki wauguzi wachache waliokwambia pole kwa moyo safi kabisa na wasikupe kitu. Shangazi aliyeolewa Dar es Salaam alituandikia kwamba huko yuko daktari anayetoa mtoto wa jicho na mtu akarudi kusoma gazeti. Tangu siku ya barua hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani, kumfikisha Baba Dar es Salaam kabla mwanga wake haujaisha.

Ndipo akaanza kunifundisha. Nadhani aliona hana muda. Alinikalisha dirishani asubuhi, jua likiwa bado la upande, akanipa kikoleo na kunionya nisiguse mgongo wa stempu kwa kidole, kwa sababu kidole kina jasho na gundi hailisahau jasho. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzigusa. Kisha akaniambia nitazame na niseme.

“Gundi ya asili,” alinieleza, “ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa stempu ya umri huu itakuwa imeshika umanjano kidogo na ina nyufa nyembamba. Usizione kasoro hizo. Kama haijawahi kubandikwa kwenye albamu, unasema haijapata bawaba.”

Bawaba ni kijikaratasi cha kukunja ambacho wakusanyaji wa zamani walikitumia kuishikiza stempu kwenye ukurasa. Wafaransa wanakiita kwa jina lile lile la bawaba ya mlango. Ukikibandua kinaacha kovu, na stempu yenye kovu inashuka daraja. Chini yake kuna stempu isiyo na gundi kabisa, labda ilirowekwa, labda joto letu liliila gundi. Hiyo nayo inauzika, mradi useme.

“Na ya mwisho?” nilimwuliza.

“Ya mwisho ni iliyotiwa gundi upya. Hiyo ni mbaya kuliko isiyo na gundi.”

“Mbaya vipi, na gundi inayo?”

“Isiyo na gundi imepoteza kitu. Hii inasema uongo.”

Alinionyesha moja aliyouziwa ujanani, akiiweka makusudi ili asisahau ujinga wake. Mgongo uling'aa sawasawa mahali pote, hauna ufa wala umanjano, na meno ya pembeni yalikuwa magumu kwa sababu gundi mpya ilikuwa imeyaingia. Baada ya kuliona hilo mara moja sikuweza tena kutoliona. Nilijivuna sana. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, hasira za karibu, na nilipenda kujua kitu ambacho wenzangu hawakijui.

Kisha serikali iliyotwaa nchi baada ya uhuru ikaanza kuvunja vunja. Harusi kubwa zilipigwa marufuku, wazee wakanyimwa kauli, na vijana wa shule wakawa kamati, na kamati ikawa ndiyo kila kitu. Siku moja makarani wote waliambiwa warudi nyumbani, hakuna kazi tena. Baba alikuja akiwa amebeba kiti chake cha ofisini kichwani. Siku chache baadaye walichoma majalada ya serikali, hadharani, mchana kweupe. Tulikaa ndani tumefunga madirisha na moshi ukapita hivyo hivyo. Baba, ambaye wakati huo alikuwa akinitambua kwa nguo tu na si kwa sura, aliinua kichwa.

“Karatasi ya posta,” alisema. “Naisikia gundi.”

Niliogopa kuliko siku zote. Jirani yetu, mwalimu, alikuwa amepekuliwa nyumba, na vitabu vyake vyenye picha za magavana vikawekwa mbele ya watu kama nyama ya haramu. Wapekuzi walikuwa wanafunzi wake. Hatukujua zamu yetu ni lini, ila hakuna aliyedhani kwamba haipo. Baba alizitia zile stempu kumi na tatu kwenye bahasha ya dawa, akanituma kwa mjomba.

Nilikwenda kwa miguu, nikapita Itsandra bila kusimama kumsalimu mtu, na hilo peke yake katika nchi yetu linatosha kukufanya ushukiwe. Ntsoudjini mjomba alizipokea kwa mikono miwili. Alisema atazificha mahali ambapo hata kijana mwenye bunduki ataona haya kupasua. Nilielewa ni ndani ya jalada la msahafu, nikamshukuru, nikaondoka. Sikumwuliza atazificha vipi. Nikilikumbuka hilo hadi leo najisonya mwenyewe.

Miezi ikapita. Walikuja kwetu kweli, vijana wanne, wakapindua godoro na makabati, wakachukua kofia ya kazi ya Baba yenye beji ya posta na kikoleo chake. Mmoja alipunga mkono mbele ya macho ya Baba, akacheka alipoona hayapepesi. Nilitaka kumzaba kibao. Baba alinishika kanga yangu kwa nyuma, sijui alijuaje.

Baada ya hapo tukapata barua ya mkono kutoka Mutsamudu. Aliyeandika alikuwa mfanyabiashara mzee aliyeandikiana na Baba kuhusu stempu tangu nikiwa mtoto. Alikuwa akinunua kwa Baba bila kuona, kwa maelezo ya barua tu, kwa sababu Baba alimwandikia hata kovu ambalo lenzi isingelipata. Sasa alisema ana meli ndogo ya mizigo yenye ruhusa ya kwenda Dar es Salaam. Amesikia habari za macho. Kama zile kumi na tatu bado zipo, na bado zina gundi ya asili na hazijapata bawaba, atazichukua na kutoa nafasi mbili melini, kwenda na kurudi.

Baba alinifanya niisome mara tatu. Kisha akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya kiti.

Nilikimbia Ntsoudjini. Mjomba alikuwa ukumbini na kazi zake. Aliinuka akaleta bahasha yangu ile ile ya dawa, safi, na uso wake umejaa furaha.

“Tazama,” aliniambia. “Zimependeza kuliko ulivyozileta.”

Nilitoa moja, nikaigeuza. Mgongo uling'aa sawasawa, hauna ufa wala umanjano.

Kwa mtu anayejalidi misahafu hakuna aibu kubwa kuliko karatasi kulegea ndani ya jalada. Kilicholegea kitaanguka, kitaliwa na wadudu, kitapotea. Basi mjomba alipotaka kuzificha alifanya alichofanya maisha yake yote. Aliona mgongoni kuna gundi, akafurahi kwamba aliyezitengeneza alifikiri mbele, akalowesha kila moja kwa kitambaa na kuibandika barabara chini ya bitana ya jalada, zote kumi na tatu. Hatari ilipopungua akazibandua kwa mvuke, polepole, bila kuchana hata jino moja. Gundi ilikuwa imebaki kwenye jalada. Kwa hiyo akazipaka nyingine, ya kwake, ile nzuri anayoikoroga mwenyewe kwa utomvu na kuichuja kwa nguo, ili asirudishe amana ikiwa na upungufu.

Nilimfokea. Nilimfokea mjomba wangu, mtu aliyenibeba mgongoni, nikamwambia amempofusha Baba. Alinisikiliza, mikono yake yenye madoa ya wino ipo mapajani.

“Gundi si gundi, mwanangu?” alisema mwishowe.

Nilimweleza. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka, akavaa kofia yake.

“Twende. Nitamwambia shemeji mwenyewe.”

Nami nikamkataza. Hili nataka lieleweke, kwa sababu baadaye watu walimlaumu yeye. Nilimwambia akifungua mdomo Baba atakufa kipofu, na damu yake itakuwa mikononi mwa nani? Akavua kofia.

Nyumbani Baba alikuwa amekaa dirishani ananingoja. Kikoleo kilikuwa kimechukuliwa, kwa hiyo nilizishika kwa vibanzi viwili vya mti. Hakunyoosha mkono. Angegusa meno ya pembeni mara moja tu angejua, lakini kanuni yake mwenyewe ilimzuia, nami nilikuwa nimeitegemea kanuni hiyo njia nzima kutoka Ntsoudjini.

“Niambie unaona nini,” alisema.

“Umanjano kidogo, Baba. Nyufa nyembamba.”

“Kovu?”

“Hakuna.”

“Zote?”

“Zote kumi na tatu.”

Akashusha pumzi, akaniombea dua. Nilisimama pale nikaipokea dua ile mpaka mwisho.

Ruhusa ya kwenda Mutsamudu niliiomba kwa kamati. Kijana wa mezani, aliyekuwa nyuma yangu shuleni kwa miaka mitano, aliniuliza ninakwenda kufanya nini, nikasema kumtafutia Baba dawa, hospitali ya Hombo. Aliandika polepole. Aliponipa karatasi alisema kipofu hana faida kwa mapinduzi, akitaka kuondoka nchini hatamzuia. Alilisema kwa wema, ndivyo alivyodhani.

Mfanyabiashara alikaa Hombo kweli, nyuma kidogo ya hospitali, kwa hiyo teksi niliyopanda bandarini Mutsamudu na wagonjwa watatu ilinishusha karibu na mlango wake. Mlango ulifunguka kabla sijabisha. Nilimsalimu kwa lugha ya kwetu, “Kwezi,” naye akaitika “Mbona,” akatazama barabarani kushoto na kulia, akafunga komeo nyuma yangu. Sebule ilikuwa na rafu tupu kuta zote, na kwenye vumbi lake ungeweza kuona vitabu vilikuwa wapi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wafanyabiashara wa zamani, cha Mombasa na Unguja.

Alizipanga juu ya kitambaa cheusi. Alikuwa na lenzi, alikuwa na kikoleo. Alizitazama nyuso haraka, kisha akaigeuza ya kwanza, na ya pili, na baada ya ile ya tatu akaacha kugeuza. Nje mtu alipita akiburuta kitu barabarani, na sote wawili tukangoja apite.

“Wewe unasemaje, binti?” aliniuliza.

“Gundi ya asili,” nilijibu. “Hazijapata bawaba.”

“Ndivyo alivyosema baba yako?”

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ningesema Baba haoni, mimi ndiye nimemwambia. Lakini niliogopa akijua kwamba neno si la Baba atalipima upya.

“Ndivyo alivyosema,” nikamjibu.

Alikunja kitambaa na stempu ndani yake, akaniandikia karatasi ya nahodha, nafasi mbili. Aliponifungulia mlango hakunitazama usoni, na mimi nikajiambia ni hofu ya kamati, kila mtu siku hizo hakumtazama mwenzake.

Meli ilitupitia Moroni tukaondoka. Dar es Salaam shangazi alitupokea, na daktari, baada ya kutungojesha wiki kadhaa, akalifungua jicho la kulia. La kushoto alisema limechelewa. Siku walipoondoa bandeji Baba alimtazama shangazi, akatazama dari, akanitazama mimi. Alisema nimefanana na mama. Nililia mpaka muuguzi akanifukuza wodini, na kwa siku zile nilikuwa na hakika kabisa kwamba nilifanya sawa.

Meli ilirudi tena bandarini tukiwa bado tunangoja ruhusa ya daktari. Nahodha alikuja nyumbani kwa shangazi na bahasha. Alisema bwana wake alimkabidhi tangu safari ile ya kwanza, akamwagiza asiitoe mpaka karani awe anaona. Baba aliipokea kwa furaha, akamwuliza habari za rafiki yake. Nahodha alizungusha kofia yake mikononi. Alisema vijana wa kamati walimchukua, nyumba imefungwa, na hakuna anayeuliza.

Baba alikaa dirishani akaifungua. Zilitoka stempu kumi na tatu, na kikaratasi. Alikisoma mwenyewe, kwa jicho lake jipya, midomo ikitikisika. Kisha akanipa nikisome.

Rafiki yangu, nakurudishia zako. Zimetiwa gundi upya, na wewe, hata kwa macho hayo, huwezi kuwa hujui. Kwa ajili ya macho yako ningekupa nafasi bila stempu hata moja, ungeniambia tu. Gundi hainisumbui. Kilichoniuma ni kwamba baada ya miaka yote hii umemtuma mwanao aje kunidanganya.

Baba alikuwa ameshaigeuza ya kwanza kwenye mwanga. Akaigeuza ya pili. Kisha akafanya jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumwona akilifanya maishani, akapitisha ncha ya kidole kwenye meno ya pembeni, taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi na tatu.

“Uliona?” aliniuliza.

“Niliona, Baba.”

“Siku ile, pale nyumbani?”

“Siku ile.”

Nilianza kueleza habari za mjomba, za hofu, za macho. Aliinua mkono nikanyamaza.

“Mimi nilikuwa nakuuliza wewe,” alisema.

Hakupaza sauti. Aliomba karatasi kwa shangazi, akamwandikia rafiki yake barua ndefu. Aliitaja kila stempu kwa bei yake na rangi ya herufi zake, na mbele ya kila moja akaandika maneno yale yale: imetiwa gundi upya, sikujua. Mara kumi na tatu. Nahodha aliichukua na safari iliyofuata akairudisha. Mlango wa Hombo ulikuwa bado umefungwa, na majirani hawakukubali hata kuipokea wamtunzie. Baba aliituma tena kwa posta tuliporudi Moroni, serikali nyingine ikiwa imeshaingia. Hatukupata jibu. Sijui hadi leo yule mzee aliishia wapi, na sijui kama kuna aliyewahi kumwambia kwamba Baba hakumdanganya.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakunikasirikia. Alikula nilichopika, alinitania mbele ya wageni, aliniozesha kwa radhi zake zote. Alimsamehe mjomba siku tuliposhuka bandarini, wakacheka pamoja juu ya ile gundi mpaka mjomba akatoa leso. Uzeeni lile jicho lake moja nalo likaanza kurudi gizani.

Jioni moja ya Ramadhani yake ya mwisho nilileta futari ukumbini nikakaa karibu naye, magoti yetu yanagusana. Nilitazama nje nikamwambia jua limezama. Aliitikia, akasema ahsante, mwanangu, na tende ikabaki mkononi mwake. Kisha akageuka upande wa dirisha na kumwita jirani, akamwomba atazame magharibi amwambie kama kweli limezama.